Aliyeitwa Sultani

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu za hapa Mosimboa zikukute na afya. Sisi tupo, tumechoka tu. Mama yako kaenda Mbau kupalilia mihogo, na akichelewa kurudi roho yangu haitulii. Wewe nawe simu hupokei.

Umeniuliza neno sultani limetoka wapi, maana profesora, mwalimu wenu, kasema ni mtawala asiyeulizwa. Mie nimesoma chuo cha Kurani tu, kwa maalimu. Lakini baba yangu majirani walimwita Sultani, kwa kuwa akisema amesema.

Nilipokuwa mwali alitaka kunioza kwa mfanyabiashara wa Awasse. Kwetu mwali haolewi mpaka somo yake, aliyemfunda unyagoni, aulizwe, na yangu hakuulizwa. Basi bi mkubwa huyo aliyenifunda akaja na maalimu, wakakaa barazani.

"Nimeshasema," baba akawaambia.

"Tumesikia, Sultani," somo akajibu. "Maalimu, hebu mweleze jina lake."

Maalimu akasema ni neno la Kiarabu. Kwenye Kurani sultani ni hoja iliyo wazi, na ni mamlaka pia. Baadaye ndipo watu wakamwita hivyo mwenye kutawala.

"Mamlaka tumeyaona," somo akasema. "Hoja umeiweka wapi?"

Mie nilikuwa nimekaa mlangoni, nasikiliza. Baba akanigeukia: "Na wewe wasemaje?"

 Nililia tu, mwanangu, maana nilikuwa sijawahi kuulizwa.

"Basi, anyamaze," akasema. "Haendi Awasse."

Tangu hapo nimeona watawala wengi, na wote wamenichosha. Aliyenigeukia akaniuliza ni yule mmoja tu.

Pokea simu.

Bibi yako