Siku Tatu Ndani ya Kibanda cha Samaki

Nyangwe, siku ya tatu, saa kumi

Mama yangu Régina,

Hodi hapo Kabambare. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, na lile goti halikusumbui tena ukipanda shambani. Kikohozi cha Baba kimepungua? Nisalimie wote wa lupango wetu pale nyumbani. Mimi niko muzima, mutoto iko muzima, uchovu tu ndio umenijaa.

Ulihesabu kwamba tangu Yenga, siku ya misa, niko Kasongo. Sijafika. Masomo ya ushonaji yameanza bila mimi, na ninaandika nimekalia mufuko wangu bandarini hapa Nyangwe, ninangoja pikipiki. Mufanyabiashara mumoja anayekwenda kwenu amekubali kukuletea barua.

Vakanse yenyewe, mapumziko yangu kabla ya masomo, ilikuwa nzuri. Juma mbili kwa mama mukwe kisiwani, katikati ya mto, samaki kila siku, hakuna wa kunituma maji. Na ile kazi muliyonipa wewe na yeye niliifanya: kumuachisha Esther-Divine ziwa, kisha kumuacha kwa nyanya yake mpaka nimalize mwaka wa masomo. Nilipaka pilipili kama ulivyonifundisha. Alilia siku tatu, ya ine akakubali uji.

Yenga, siku yangu ya mwisho, mama mukwe alimubeba akaenda naye shambani, kwa sababu mutoto aliyeachishwa hatakiwi kumuona mama yake akiondoka, wala kumuona tena mpaka asahau ziwa. Nikashuka bandarini. Mutumbwi wa Kamaldine, anayevusha watu, haukuja.

Nilikuwa narudi nyumbani kungoja kesho, mama mukwe, mutoto amelala mugongoni, akanizuia njiani. Alisema nimekwisha kuondoka. Nikamwambia sijaondoka, si niko hapa mbele yake. Akajibu kwamba kwa mutoto nimekwisha kuondoka, na akiniona kazi yote imemwagika. Basi nikapelekwa kwa Mama Fatuma, muke wa muvuvi, ndani ya kibanda anamokausha samaki. Nikae humo mpaka mutumbwi uje.

Mama, kisiwa kile unakizunguka kabla maji ya fufu hayajachemka. Kutoka kibandani mpaka kwa mukwe ni kama kutoka kwako mpaka kisimani. Siku ya kwanza Kamaldine alituma neno kwamba motere ya mutumbwi inakosa kipande. Siku ya pili akatuma neno kwamba kipande kimepatikana, lakini ni cha motere ingine. Fatuma akanicheka, akasema nimekwisha kukauka vizuri, ninabakiza chumvi tu nipelekwe sokoni. Nilicheka pia. Lakini kifua kilijaa maziwa hata nguo ikalowa, na kila nilipomusikia mutoto akilia nilishika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili.

Leo asubuhi nyanya yake alipita naye mugongoni. Nilikuwa mulangoni, nilisahau kujificha. Mutoto aliniona. Hakulia, hakunyoosha mukono. Aliniangalia namna wanavyoangalia mugeni, kisha akalaza shavu upande mwingine.

Sasa nikuambie lile lililonifanya niandike. Saa sita motere ya Kamaldine ilisikika. Sikushuka bandarini. Niliingia kwa mukwe, nikamuchukua mutoto mukekani, nikamunyonyesha mbele yake. Najua munasema ziwa lililoachwa likirudishwa linaleta ugonjwa. Alinyonya, akalala. Nimemushika paji mara kumi, hana joto.

Mimi pia ulinipeleka kwa nyanya, kule Lusangi. Sikulaumu. Ulivyoondoka sikumbuki. Nakumbuka uliporudi: nyanya alinisukuma nikusalimie, nikakuita shangazi. Ukatoka nje, ukakawia kurudi.

Mama mukwe hakunitukana. Alisema tu kwamba nimewaaibisha yeye na wewe, akaingia ndani. Tulikuwa tumekwisha kukaa mutumbwini, mimi na mutoto, Kamaldine analalamika kwamba tunamuchelewesha, yeye aliyeningojesha siku tatu, ndipo mama mukwe akatokea. Akachukua kile kifurushi cha samaki alichonipa Yenga, akaweka kingine. Alisema kile kilikuwa cha mwanafunzi. Hiki ni kambale, nipike muchuzi, maziwa yaongezeke.

Masomo siyaachi. Nitaingia naye mugongoni, wakinifukuza nitarudi kesho yake. Lakini goti likikuruhusu, njoo Kasongo ukae naye asubuhi mpaka nitoke saa saba. Ruhusa nimekwisha kujipa mwenyewe, Mama. Ninayoomba ni mikono yako.

Bwana yangu François angali machimboni, habari hii nitamupa mimi mwenyewe, usimutangulie. Pikipiki inafika. Esther-Divine ameamka, ananyang'anya kalamu. Huo mukwaruzo wa chini ni salamu zake. Ukija atakuogopa siku moja, mbili. Usitoke nje. Kaa tu.

Mimi mutoto wako,
Dieudonnée