Kanisa Lililovuka Mto

Mdogo wangu Walburga,

Pokea salamu za kaka yako, kama goti linakuruhusu kusimama kuzipokea. Kifua kinaendeleaje? Na yule jirani yako mwenye mdomo, bado hajafa? Mimi nipo. Macho yameingia ukungu, na huu ni mwaka wa thelathini na moja nachonga mihuri ya kupigia sarafu za mji. Nimechoka, Walburga, hata kukohoa naona kazi.

Madiwani walitaka dukati, sarafu mpya za dhahabu, za kumpokea Kaisari, zenye picha ya mji: mto katikati, kanisa kuu na maghorofa yao kulia, mtaa wetu wa watengeneza ngozi kushoto. Muhuri huchongwa kinyume, ili dhahabu ikigongwa picha ikae sawa. Mimi nikachonga vile vile ninavyouona mji dirishani. Kosa la mwanagenzi wa siku ya kwanza!

Zikapigwa mia tatu. Madiwani wakazipokezana, kila mmoja akitafuta paa lake tu, wakasifu. Mvushaji wa mashua ndiye aliyeniuliza mbele ya watu, “Mzee Endres, kanisa limevuka lini, na mbona halikunilipa nauli?” Kicheko kikafika barazani kabla ya Kaisari.

Madiwani wakafoka. Wakasema mkono wa miaka thelathini na moja haukosei hivyo, basi aliyekosea ni Veit Ostertag, mwenzangu anayechonga upande wa pili wa sarafu, wenye tai wa Kaisari. Veit ana watoto watano na hajui kujitetea. Aliniuliza tu: “Baba Endres, kweli ni mimi?” Jumatatu wanamvua kiapo cha uchongaji, na asiye na kiapo hashiki patasi mji wowote.

Sasa nikwambie nisichomwambia hata mchungaji. Nilipojaribu muhuri kwenye nta niliona kosa, na siku mbili za kuchonga upya nilikuwa nazo. Uchovu ulinishika. Halafu nikaona kanisa kuu limesimama kwetu, kwenye uvundo wa ngozi, juu ya nyumba aliyotuzalia mama, na mabwana wakubwa wako ng'ambo. Nikacheka peke yangu mpaka machozi, nikaupeleka ukapigiwe dukati.

Jumatatu nitaingia barazani kabla ya Veit. Watanifukuza, na kuni na bia ambazo mji huwapa wachongaji wake wakizeeka sitaziona. Nitengee kona karibu na jiko. Nakula kidogo, nakoroma sana.

Wasalimie wanao wote, hata yule anayeniita kikongwe.

Ni mimi kaka yako,
Endres Kolb