Mama Mkwe wa Filamu Mpya

Jumapili, Kasongo

Nimemwongopea bibi, na bado ninacheka peke yangu.

Ile komedi ya mama mkwe mkali tunayoipenda nyumbani imetengenezwa upya. Ya zamani, mjomba ndiye alikuwa anatutafsiria kutoka Kifaransa. Sasa yuko Lusangi anatafuta dhahabu, basi mama akaniambia: "Weye njo mwenye kusoma Kifaransa shuleni. Tafsiri!" Mimi, ninayeitikia hata salamu nikitazama chini!

Nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Bibi akanuna: "Hii mupya haina chumvi. Mama mukwe wa zamani alikuwa anatukana vizuri."

Hapo nikashtuka. Mjomba, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour, aliyatoa wapi matusi yale yote?

Basi mama mkwe wa filamu alipoomba kahawa tu, nikasema kwa sauti: "Weye mukwe, hata mbuzi wa Kabambare anakushinda akili!" Bibi alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Sikuacha tena kubuni matusi mpaka mwisho.

"Hii inashinda ile ya zamani!" bibi akasema.

Nilifurahi, kweli. Lakini ameshaita majirani waje kuitazama kesho, na mimi sikumbuki nusu ya niliyosema...