Babu Anataka Kuuona Mwisho wa Filamu Nilioutunga Mwenyewe

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumatano, maana Jumatano ndiyo siku ambayo babu yangu anafanyiwa upasuaji wa macho, na baada ya hapo nitakuwa nimechelewa. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, darasani huwa sisemi kitu, mwalimu akiniita nisome kwa sauti naanza vizuri halafu sauti inashuka, inashuka, mpaka wenzangu wanapiga kelele "Ongeza sauti!" kama vile mimi ni redio, kwa hiyo usishangae nikiandika kirefu, ni kwa sababu kwingine kote nanyamaza.

Babu ni baba yake mama, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na tangu mtoto wa jicho amzibe macho yote mawili, mimi nikiwa bado mdogo, anaona mwanga na vivuli tu. Mimi napenda filamu kuliko kitu chochote isipokuwa vitabu, mkutubi wa shule yetu hunijazia kwenye flashi, za zamani na za siku hizi, na kwa kuwa kompyuta yetu iko chumbani kwa Babu nilianza kuziangalia huku yeye amekaa kitandani, akawa anauliza, "Huyo anayelia ni nani? Amefanywa nini?" nami namjibu, mpaka ikawa ndiyo kazi yetu kila nikitoka shule, mimi kwenye kiti, yeye ameegemea ukuta, sikio moja kwangu na moja kwenye spika.

Mshauri, naomba uniamini nikisema kwamba kabla ya hapo nilikuwa siangalii filamu, nilikuwa nazipitisha tu machoni. Babu hakubali umwambie "wanatembea barabarani". Anataka kujua barabara ni ya lami au ya vumbi, jua liko mbele yao au mgongoni, gari linatokea upande gani, na likitokea lazima alitolee hukumu: "Huyo dereva wa uongo, sikia anavyoichana gia." Ikabidi niangalie kweli. Nikaanza kuona mwanamke anasema hana wasiwasi huku kidole chake kinazungusha kifungo cha gauni hadi uzi unalegea. Nikaona kwamba mtu amekiacha kiti kitupu pembeni ya meza, na hakuna anayekitaja, na kumbe filamu nzima inahusu kile kiti. Kuna mtu mahali fulani alikaa akawaza yote hayo, akaweka kiti pale, akatuamini kwamba tutakiona. Nikifikiria hivyo mwili unanisisimka.

Nikuambie maoni yangu kwa ukweli, hata kama yatanifanya nionekane mshamba. Filamu wanazozisifu wenzangu darasani, zile za majeshi yanayoruka angani na majumba yanayoporomoka, nimejaribu kumsimulia Babu nimeshindwa. Aliniuliza, "Sasa nani anampiga nani?" nikamwambia, "Sijui Babu, wote wamevaa nyeusi," akasema, "Basi wakimaliza niamshe." Lakini si kweli kwamba za zamani zote ni dhahabu kama mkutubi anavyopenda kusema. Tuliangalia moja ambayo mwanamke anazimia kila akipokea habari, mpaka Babu akafoka, "Amezimia tena? Si wampeleke hospitali huyo!" tukacheka hadi Mama akaja kuuliza kuna nini. Na kuna moja ya mwaka jana tu, ya msichana anayefanya kazi kwa dobi, karibu haina maneno, mvuke na sauti ya pasi tu, ambayo ilipokwisha Babu alisema, "Huyo mtoto mikono yake imeungua, sivyo?" na kweli ilikuwa imeungua, na mimi nilikuwa sijamwambia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Mkutubi alinipa filamu ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, ya lugha ambayo hatuijui, kwa hiyo nilikuwa namsomea Babu maandishi ya chini. Inamhusu mzee anayelinda daraja la mbao katika nchi ya baridi. Mwanawe aliondoka kwa hasira, na kila jioni mzee anatundika taa mwanzoni mwa daraja ili kijana akirudi aione njia. Ni hayo tu. Lakini mshauri, sijui nikuelezeje. Wale watu huenda wote walishakufa, hata yule aliyeshika kamera, na bado unaona pumzi zao zinatoka kama moshi kwenye baridi, pumzi za kweli za watu wa kweli, na wewe umekaa chumbani na sare ya shule. Kuna mahali kamera inakaa usoni kwa mzee, anasikiliza tu, hakuna muziki, hakuna neno, na mimi nikasema, "Babu, hakuna kinachotokea, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa namna hii." Babu akasema, "Basi nyamaza, na mimi nikione."

Mwisho wa filamu hauna maneno. Ni mvua, na viatu vinavyotembea juu ya mbao. Ukweli ni kwamba viatu vile ni vya mzee. Anaizima taa, anageuka, anaondoka zake, mwana hakuja, na kioo kinakuwa cheusi. Lakini viatu vilipoanza kusikika Babu alinishika mkono kwa nguvu, akauliza kwa sauti ambayo si yake, "Amekuja?"

Lazima ujue kwamba Babu naye ana mwana. Mjomba wangu aligombana naye mezani, akabeba begi akaondoka, mimi nikiwa shule ya msingi, na hajakanyaga tena. Mama huongea naye kwenye simu akiwa bafuni, amefungulia maji, ili Babu asisikie.

Nikasema, "Amekuja, Babu."

"Yukoje?"

"Ameloa chapachapa. Ni mrefu. Amesimama mbele ya baba yake."

"Wanakumbatiana?"

"Hapana. Kijana anaipokea ile taa tu, anamshikia."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Babu alilia bila kujifuta. Na tangu siku ile filamu hiyo haiishi. Ananiambia nirudie pale mwisho, nirudie tena, na mimi narudia, ile taa, ile mvua, na kila mara naongeza kitu ili kisikike kweli. Amemhadithia kinyozi anayekuja kumnyoa, kinyozi akasema, "Mzee, hiyo si sinema tu," Babu akamwambia, "Sinema tu nini? Alirudi! Wewe nyoa." Na kubwa zaidi ni hili: Mama ni muuguzi, amembembeleza miaka kwa miaka akubali upasuaji, naye anakataa kwa sababu anaogopa, ingawa hasemi anaogopa, anasema macho yake ameshayastaafisha. Asubuhi baada ya filamu ile alimwita Mama akamwambia, "Niandikishe. Nataka kumwona yule kijana uso." Mama alikuja jikoni akanikumbatia na mikono yenye sabuni, akasema, "Sijui umemfanyia nini baba yangu, lakini asante."

Juzi nilikuwa namkata kucha, akaniambia, "Nyumba hii wote wananificha mambo, wanadhani ukipofuka na akili imezimika. Wewe tu ndiye usiyenidanganya. Wewe ndiye macho yangu." Nikashindwa hata kumalizia mkono wa pili.

Mshauri, nikimwambia ukweli sasa ataghairi upasuaji, naye atakaa gizani kwa sababu yangu. Nisipomwambia atafunguliwa macho, ataomba ile filamu, na kitu cha kwanza atakachokiona ni kwamba macho yake yalikuwa yanamdanganya. Nimewaza kumwambia flashi imepotea. Nimewaza hata kuiharibu. Sina mtu mwingine ambaye naongea naye nikasikika. Nifanyeje?

Wako,
Macho ya Babu

MSHAURI ANAJIBU

Macho ya Babu, mwanangu,

Kwanza iache hiyo flashi. Ukiiharibu utakuwa na uongo wa pili wa kuulinda wa kwanza, na wewe mmoja tu umekushinda hadi kucha za mtu zimebaki nusu.

Sitakuita mwongo, maana najua mkono uliokushika ulikuwa wa nani. Mtoto ambaye darasani sauti humkauka alimtengenezea mzee kijana mzima aliyeloa mvua, kwa kufumba na kufumbua, na hata akajua kwamba wasikumbatiane. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili. Lakini huruma yako ilimnyang'anya Babu kitu. Wewe mwenyewe unamsifu mtu aliyekiacha kiti kitupu akatuamini kwamba tutakiona. Basi na aliyeimaliza filamu ile kwa taa iliyozimwa alimwamini mtazamaji wake. Uliyemkosea imani ni Babu. Uliona hawezi kuubeba mwisho ule, ukaubadilisha bila kumuuliza. Ndivyo wanavyomfanyia wengine wote humo ndani, na ndicho alichokulalamikia.

Tena nina swali. Viatu vya mtu anayekuja vinazidi kusikika. Vya mtu anayeondoka vinafifia. Mzee aliyegundua kwa sikio tu kwamba msichana wa dobi ameungua mikono, unadhani anarudia mwisho ule mara zote hizo bila kujua viatu vinaelekea wapi? Sisemi anajua. Nasema usimfanye mjinga. Pengine anachokiomba kila akisema "rudia" si filamu, ni kukusikia wewe ukisema kwamba mtu anaweza kurudi.

Utamwambia, na utamwambia kabla ya Jumatano. Unaogopa ataghairi. Inawezekana. Lakini mtu mzima halazwi kwenye meza ya daktari kwa sababu ya kitu ambacho hakipo. Akighairi, hayo ni macho yake na uamuzi ni wake, na mama yako muuguzi anajua namna ya kumrudia. Akifunguliwa bandeji akakuta umemdanganya, hapo hakuna muuguzi wa kukusaidia.

Fanya hivi. Kesho ukitoka shule, jioni kabla watu hawajarudi, weka filamu pale pale mwisho. Mwambie, "Babu, mara hii nakusimulia kilichopo." Halafu msimulie kama unavyojua: mvua, mbao, mkono unaozima taa, mgongo unaoondoka. Usiharakishe, usimpunguzie, na usilie kabla yake, maana ukianza wewe ataacha yake akubembeleze. Kioo kikishakuwa cheusi, mwambie kwamba yule kijana ulimtunga na kwa nini. Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki. Usikimbie chumbani kwako, kaa kwenye kiti.

La mjomba si lako. Ulilibeba kwa sababu ulikuwa karibu nalo, sasa litue. Leo hii mwambie mama yako kwamba baba yake amekubali kupasuliwa kwa sababu anamngoja mwanawe, kwa maneno hayo hayo, kisha umwachie. Na mama, kama unalisoma gazeti hili: funga bomba, toka bafuni, mpe mzee simu. Mwanawe akipokea au asipopokea, hiyo ni kati yao wawili, lakini walau mmoja wao asiendelee kungoja kwa hadithi.

Na kama Babu atakuambia, "Basi sina haja ya macho, hakuna wa kumwona," hapo usiingie kwenye mabishano ya hospitali. Naona katika barua yako yote umewaza atakachokikuta kwenye kioo cha kompyuta, hujawaza hata mara moja kwamba atakuona wewe. Alipozibika macho ulikuwa mtoto. Hajui umerefuka kiasi gani. Hajui uso unaoleta sauti ile anayoishi nayo kila siku. Kwa hiyo inua kichwa, ongeza sauti, mwambie, "Babu, njoo unione mimi."