Hawakujua Kuwa Unasema Kipaipai

Mpendwa Mama Mkwe,

Tangu tulipokuzika Santa Catarina, kule kwenu Meksiko, nimekuwa nikizungumza nawe jikoni kwa Kiswahili, lugha ambayo hukuijua. Najua hutanikasirikia. Hata ulipokuwa nasi hapa Malvern, Toronto, Kihispania changu kilikuwa cha kubahatisha na Kiingereza chako kilikuwa cha salamu tu. Ulinifundisha tortilla, nikakufundisha chapati, ukacheka kuniona nazikunja kama nguo za kupigwa pasi.

Ukikanda unga ulijisemea kwa Kipaipai. Mwanao Rafael akiingia, ulinyamaza. Nilipomuuliza mume wangu kuhusu lugha hiyo, alisema ni ya wazee wachache waliobaki kijijini, na kwamba wewe mwenyewe ulimnyima. Uso wake ulinikataza kuuliza zaidi.

Kisha ukaanguka sebuleni.

Kiharusi kilikuachia ulimi, lakini kikachukua Kihispania chote. Pale hospitalini ulinishika mkono ukasema kitu kwa haraka, ukakirudia, ukakirudia tena. Daktari alitueleza kwa upole kwamba maneno yako hayana maana tena, ubongo umevurugika. Wakakulaza chali ili utulie. Ukazidi kuhangaika. Lakini mimi niliyajua matamshi yale. Nilikuwa nayasikia kila siku kando ya jiko.

"Hajavurugika," nikasema. "Hiyo ni lugha. Rafael, waambie."

Rafael alitazama sakafu.

"Ni Kipaipai," akasema mwishowe. "Ni lugha ya mama yangu. Mimi siielewi."

Wakampigia mkalimani, naye hakuwahi hata kuisikia. Nikamwambia Rafael ampigie mama yake mdogo, Elvira, dada yako. Unajua jinsi mtandao wa huko ulivyo. Simu iliita ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Pumzi zako zilikuwa zimeanza kuwa fupi, na midomo yako ilikuwa inabadilika rangi. Elvira alipopokea, nilikusogezea simu mdomoni kabla hata ya salamu.

Ulisema. Elvira akajibu kwa Kihispania, na Rafael akatufasiria: "Anasema kifua kinambana akilazwa chali. Anaomba mumketishe. Na anauliza kwa nini hakuna anayemjibu."

Wakakuinua mara moja. Wakakuta maji kwenye mapafu. Ulipoweza kupumua vizuri, daktari aliinama akakuomba radhi, na radhi hiyo ikapita Kihispania na Meksiko ndipo ikakufikia.

Ulipopata nafuu kidogo, Rafael alikuuliza, kupitia simu ileile, kwa nini ulimnyima lugha yako. Alijiandaa kukasirika, nilimwona. Ukajibu polepole, Elvira akafasiri: "Shuleni nilipigwa kwa kuisema. Sikutaka wewe wakuguse."

Miaka yote hiyo alidhani ulimwona hastahili. Akaweka paji la uso wake juu ya mkono wako, akakaa hivyo mpaka nesi alipokuja kubadilisha dripu.

Uliomba kurudi kwenu, tukakupeleka, na huko ukapumzika.

Sasa kila Jumapili tukitoka kanisani Rafael humpigia Elvira kujifunza. Mama, dada yako ni mwalimu mkali. Humrudisha kwenye neno moja hadi jasho linamtoka, na asipolipata humwambia ametamka kama mtalii. Mimi nami nimekuwa mkali. Binti yetu Mwende akinijibu kwa Kiingereza, namwambia aanze upya kwa Kiswahili. Ananung'unika, lakini anaanza.

Nisikufiche, nina hofu. Siku hizi Elvira anakohoa. Hukatiza somo katikati ya neno, akakohoa kwa muda mrefu, nasi huku Toronto tunaisikiliza simu. Rafael huwa ameachama, silabi moja mdomoni, akisubiri ya pili.

Lala salama, Mama, na umwombee dadako kifua.

Mkaza mwanao,
Mama Mwende