Vidonge Vitano vya Wifi

Jumatatu, 4 Machi
Haja ndogo inachoma kama pilipili. Mara nne kabla ya chai, na kila mara matone tu. Kiwandani kibao cha ruhusa ya kwenda chooni ni kimoja, na washona kola tuko ishirini na wanane. Msimamizi ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Basi sijanywa maji tangu asubuhi, ili nisikiombe tena. Akili zangu hizo!

Jumanne, 5 Machi
Zahanati. Nesi mnene, mpole, ila haachi kitu. Nina mimba? Homa? Kiuno kinauma? Nikajibu hapana, hapana, hapana. Mkojo kwenye kikopo — UTI ya kawaida, haijapanda kwenye figo. Vidonge kumi: asubuhi na jioni, siku tano. Kanigombeza kuhusu maji. Kasema nikipata nafuu nisiache, nimalize dozi. Nikaitikia kama mtoto wa shule.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekojoa kama binadamu!

Jioni wifi, mke wa kaka, kanivuta hadi jikoni na kufunga mlango. Naye anaungua vilevile. Zahanati hataki, kaka atauliza maswali. Aliomba vilivyobaki. Vilikuwa vitano, nikampa vyote. Nilipofika kwao na begi moja, yeye ndiye aliyenitandikia kitanda. Ningemnyima kwa uso gani?

Ijumaa, 8 Machi
Wifi anasema kapata nafuu. Najiona dokta.

Jumapili, 10 Machi
Kuchoma kumeanza tena, kidogo. Nakunywa maji na kujifanya sihisi kitu. Wifi kamaliza vyake jana. Leo kalala mchana kutwa, kasema ni uchovu.

Jumanne, 12 Machi
Wifi kaamka anatetemeka. Homa kali, na kiuno upande wa kulia hakigusiki. Kaka alipotoka kutafuta teksi, kaniambia: ana mimba ya miezi mitatu. Mbili zilishatoka, kwa hiyo hii hakuisema, asimpe kaka matumaini ya bure. Na mimi siku ile jikoni sikuuliza hata kitu kimoja. Nilitoa tu, kama mtu anayegawa pipi.

Naandikia hapa kwenye benchi la zahanati. Mlango wa chumba cha dokta uko wazi. Nimesikia wameshamwambia kaka kuhusu mimba. Kaka alimshika wifi mkono. Dokta kauliza kama ametumia dawa yoyote, maana lazima ajue kabla ya kuchagua sindano. Wifi kasema hapana. Kauliza tena, polepole. Hapana. Ananikinga mimi! Naogopa. Naogopa kwa ajili ya huyo mtoto, na naona aibu.

Kaka katoka, kakaa karibu yangu. Yule nesi mnene kapita na trei, kanitambua, kasimama.

"Dada, zile dawa zako ulimaliza?"

Kabla sijajibu, kaitwa chumba cha pili. Kaka kanigeukia. Anataka kujua dawa zipi.

Nesi anarudi. Naweka kalamu chini, nimwambie vile vitano nilimpa nani.