Soli za Vyuo Viwili

Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mdogo wako, aliyeishia shule ya msingi, ameingia vyuo vikuu viwili vya umma katika wiki moja, na amepotea katika vyote viwili.

Nilimpeleka binti yangu akavione kabla ya kuchagua. Mimi fundi viatu, nikatazama soli. Katika chuo cha hapa karibu zimelika visigino: wanafunzi wanaburura miguu, kumetulia, hata paka wa maktaba ana kitambi. Katika chuo cha huko kwenu zimelika mbele, maana kila mtu anakimbia, na foleni ya chakula imezunguka jengo.

"Baba, acha kuchungulia miguu ya watu, unaniaibisha!"

Fomu zinafungwa mwisho wa mwezi, naye anataka kujaza cha hapa karibu. Atakupigia kukuomba ushauri. Usimfiche haya ninayokueleza sasa, maana mimi ulimi umenigomea.

Huko kwenu, wasichana wawili waliokuwa wakibishana kwenye foleni walimvuta awaamulie. Akabishana nao saa nzima, akicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mama yake afariki. Alinisahau kabisa. Njiani akaniuliza, "Umeonaje, Baba?" Nikamjibu pale ni kelele tupu, hatasoma. Akaniamini. Nami sikuwaza masomo hata kidogo, Dada. Niliwaza nyumba yangu bila yeye, nikaogopa.

Wako,
mdogo wako mwoga